Kitabu Kimepitishwa. Je, Kinaonekana?

Leo naomba tuongee kuhusu vitabu vya shule. Najua wengine mtaguna: "Ah, tena vitabu? Si yalishaongelewa bungeni hayo mpaka yakachosha?" Kweli yaliongelewa, na nitayafikia. Ila makosa ya Kiingereza na hesabu sio shida yangu leo. Ninayo hoja nyingine ambayo nimeibeba kwa muda mrefu: ukurasa wenyewe kama kitu cha kutazamwa. Herufi zina ukubwa gani? Mchoro unaeleweka? Karatasi inang'aa kiasi gani? Na nani, katika miaka yote hii, alipewa kazi ya kuyakagua hayo?

Nimeamua kuifuata historia kidogo. Nitaizungushia hapa nyumbani, kwenye uwanda wa kati, kwa sababu nadhani Dodoma, Chamwino na Kongwa zina jambo la kuifundisha nchi nzima kuhusu suala hili.

Waliojua mapema

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1913 kamati moja ya chama cha wanasayansi wa Uingereza ilitoa ripoti kuhusu athari za vitabu vya shule kwa macho ya watoto. Naam, 1913! Wakati huo Dodoma ilikuwa kituo cha reli ya Mjerumani na hakuna aliyeota kwamba siku moja ingekuwa makao makuu. Kamati ile ilisema mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida tu: mtoto mdogo apewe herufi kubwa kuliko mkubwa, karatasi isiwe ya kung'aa, na mistari isibanane.

Kwa hiyo Mwingereza alipokuja kutawala Tanganyika, elimu hiyo kwao ilikuwepo. Je, alikuja nayo? Tuone alichokiwekea kamati.

Oktoba 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam. Baada ya hapo, Januari 1930, ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye jina lake wengi tunalifahamu kutokana na kamusi iliyotoka mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kazi ya kamati ilikuwa kusanifisha Kiswahili. Mtu akiandika kitabu cha shule kwa Kiswahili, mswada ulipelekwa kwao, ukasomwa, ukasahihishwa, na ukikubalika ukapewa idhini.

Hiyo ndiyo ithibati ya kwanza ya vitabu vya Kiswahili tuliyoirithi. Ilikagua nini? Tahajia, sarufi, msamiati. Neno hili liandikwe hivi, lile lisitumike. Siwalaumu, kwani hiyo ndiyo kazi waliyopewa, na bila wao huenda leo tungekuwa na tahajia nne. Lakini angalieni mbegu iliyopandwa: tangu siku ya kwanza, kukagua kitabu kwetu maana yake ni kukagua *maneno*. Kamati ile ilihamahama, ikapita Nairobi, Makerere na Mombasa, mwishowe mwaka 1964 ikageuka kuwa TUKI pale Dar es Salaam. Mbegu nayo ikaendelea kuota.

Shule ambayo picha hazikuwa na kazi

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Dar es Salaam kwa barabara kuu, ukifika Chamwino utakuta Buigiri. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha hapo shule ya watoto wasioona, ikapewa jina la Wilson Carlile, muasisi wa Church Army ya Uingereza. Ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya wasioona nchini. Nchi hii kubwa, yenye pwani, bandari na miji, na shule hiyo ikaanzia kwenye vumbi la Ugogo!

Miaka minne baadaye, 1954, Waanglikana haohao wakaanzisha Dodoma mjini nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Central Tanganyika Press. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1950 uwanda huu ulikuwa na vitu viwili vinavyokaa mbali kidogo tu: mahali pa kutengeneza vitabu kwa macho, na mahali pa kusoma kwa vidole.

Fikirieni kidogo maana ya kitabu pale Buigiri. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto baada ya kujiumiza kwenye karakana ya baba yake. Kila herufi ni mpangilio wa nukta zisizozidi sita zilizoinuka juu ya karatasi. Nukta zile haziwezi kupunguzwa ili kuokoa karatasi, kwa sababu kidole kina kipimo chake. Karatasi lazima iwe nene. Hivyo kitabu kimoja chembamba cha kawaida hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito ya kubebwa kwa mikono miwili.

Na picha je? Hapo ndipo kwenye somo kubwa. Kitabu kikisema "Tazama picha, kisha jibu maswali", mwalimu wa Buigiri anafanya nini? Lazima kwanza aulize: picha hii iko hapa kwa kazi gani? Kama inafundisha jambo, basi jambo hilo liandikwe kwa maneno au lichorwe kwa mistari iliyoinuka. Kama ni pambo tu, iachwe. Kwa maneno mengine, anayekigeuza kitabu kuwa nukta nundu anakipa ukaguzi mkali pengine kuliko wa kamati yoyote, kwa sababu hawezi kujificha nyuma ya urembo. Kila kitu kwenye ukurasa lazima kijieleze.

Tena, si wote wanaosoma shule za namna hii ni vipofu kabisa. Wapo wenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wenye ualbino. Ngozi yao ndiyo tunayoizungumzia kila siku, lakini ukosefu wa rangi asilia unayagusa macho pia: mwanga mkali unawaumiza na maandishi madogo hawayaoni vizuri. Wakati wa mauaji ya kutisha ya watu wenye ualbino, hasa kuanzia 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa kwenye shule za bweni zenye ulinzi, na Buigiri ni mojawapo ya shule zilizowapokea. Tuliwaokoa na mapanga. Lakini darasani walihitaji kitu kingine ambacho hakina uzio wala mlinzi: maandishi yaliyokuzwa, ya pointi 18 au zaidi, juu ya karatasi isiyorudisha mwanga. Yaleyale ya 1913, jamani.

Kitabu kimoja, vichwa vitano

Baada ya uhuru mkaguzi alibadilika. Mwaka 1966 ikaanzishwa Tanzania Publishing House, ubia wa shirika letu la maendeleo na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1975 ikaundwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo tangu 1993 tunaiita Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET. Swali kubwa la kipindi kile lilikuwa: je, kitabu kinamjenga Mtanzania au kinaendelea kumfundisha theluji na malkia?

Hapa lazima niwape sifa zao. Swali hilo liligusa pia picha. Jembe, nyumba za vijijini, akina mama wakichota maji, mwenge, vijana shambani: mtoto aliiona nchi yake kitabuni. Ni jambo kubwa kwa mtoto wa Mvumi au Mpwapwa kumwona mtu anayefanana na mjomba wake kwenye ukurasa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka milioni moja na ushee mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni tatu mwaka 1980. Na katikati ya hapo, vita vya Kagera, bei ya mafuta, fedha za kigeni zikakauka. Karatasi ikawa adimu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi miaka ya 1980, lakini njaa ya vitabu ilikuwa imeshaingia madarasani.

Njaa hiyo kwa kawaida tunaihesabu kwa idadi: wanafunzi wangapi kwa kitabu kimoja. Mimi naomba tuione kwa jicho. Hata miaka mingi baadaye, shule niliyosoma mimi tulikaa watano kwenye kitabu kimoja. Aliyekaa katikati aliuona ukurasa umenyooka. Wa pembeni waliusoma kwa upande. Tukisomea nje chini ya mti kwa kuzunguka, mmoja wetu alikuwa anasoma juu chini, na alizoea hadi ikawa utani wetu. Sasa chukueni herufi za pointi 11 zilizobanana, mpe mtoto aliye umbali wa mkono mmoja na nusu, tena kwa pembeni, darasa lenye madirisha mawili. Mchapaji alipopima ukubwa wa herufi alimfikiria mtoto mmoja, mezani, kitabu mkononi. Mtoto huyo kwetu hakuwepo.

Kama hali ni ya kugawana, busara ni kupanga ukurasa kwa kugawana: herufi kubwa, picha moja kubwa badala ya nne ndogo, maandishi yasiyoingia kwenye mkunjo wa katikati. Ni jambo la kawaida tu kwa fundi wa kurasa, kama ameambiwa.

Macho ya Kongwa

Kongwa wengi tunaijua kwa mambo mawili: mradi wa karanga wa Mwingereza uliofeli vibaya kati ya 1947 na 1951, na kambi za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Lipo la tatu, wataalamu wa macho duniani wanalijua kuliko sisi. Tangu miaka ya 1980 Kongwa imekuwa sehemu mashuhuri ya utafiti wa trakoma, ugonjwa ambao vijijini tunauita vikope.

Trakoma inaletwa na bakteria. Inapita kwa mikono, nguo na inzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo. Mtoto anaambukizwa mara nyingi akiwa mdogo, macho yanawasha na kutoa machozi. Baada ya miaka mingi ya kuambukizwa tena na tena, kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho, na mtu anapofuka ukubwani. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto. Penye ukame na shida ya maji, uso wa mtoto hauoshwi mara nyingi. Na sisi wa uwanda wa kati mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ikija.

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika vijiji vya Kongwa: kutibu kijiji kizima ni jambo jema, lakini ukiongeza uhamasishaji wa kunawa uso, trakoma kali inapungua zaidi. Somo la kunawa uso likaingia kwenye mkakati unaotumika duniani kote. Tanzania pia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea msaada wa dawa ya azithromycin kwa ajili ya ugonjwa huo, kuanzia 1999. Hali leo si kama zamani, tushukuru.

Kwa nini naleta vikope kwenye habari ya vitabu? Kwa sababu mpango wa kitabu huanza na picha ya msomaji akilini. Mtoto mwenye macho yanayowasha, darasa lenye mwanga mdogo, vumbi la Septemba, kitabu kilichoshikwa na watano: huyo ndiye msomaji wa kweli wa darasa la pili kwenye sehemu kubwa ya uwanda huu kwa miongo mingi. Wataalamu wa macho walitoka mbali wakaja Kongwa kupima nyuso. Je, fundi wa kurasa aliwahi kuletwa Kongwa kupima ukurasa?

Enzi ya ithibati

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilianza kujitoa kwenye uchapishaji na kuwaachia wachapishaji binafsi. Vitabu vikawa vingi, vya kampuni mbalimbali, somo moja vitabu vinne vitano. Nani achuje? Mwaka 1999 ikaundwa Kamati ya Kuidhinisha Vifaa vya Elimu, ile wengi tuliyoijua kama EMAC. Mchapishaji alipeleka kazi yake, ikapitiwa, ikipita ikapewa ithibati.

Mwaka 2012 ikaja ile "chenji ya rada" mnayoikumbuka. BAE Systems ya Uingereza ililipa pauni milioni 29.5 kufuatia sakata la rada, na fedha zile zikaelekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi na madawati. Fedha za kashfa zikageuka kuwa kurasa mikononi mwa watoto. Mimi naona ni moja ya stori za ajabu kabisa za elimu yetu.

Halafu mwanzoni mwa 2013, hapahapa Dodoma, James Mbatia, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, akapeleka bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa sekta ya elimu. Ubora wa mitaala na vitabu ukawa gumzo la nchi. Nilikuwa bado mwanafunzi, nikifuatilia redioni. Kabla mwaka haujaisha EMAC ikavunjwa na kazi ikarudi TET, ambayo baadaye ikawa ndiyo inayoandika vitabu vya kiada yenyewe. Kitabu kimoja kwa kila somo, nchi nzima.

Mwaka 2017 hoja ikarudi bungeni, Mbatia safari hii akiwa mbunge wa Vunjo. Vitabu vilivyolalamikiwa sasa vilikuwa vya TET yenyewe. Na Februari 2023 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Adolf Mkenda, ikapiga marufuku vitabu 16 vya ziada kwa sababu za maadili, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid.

Sasa ziwekeni enzi hizo kwenye mstari mmoja. 1930: lugha. Baada ya 1967: itikadi na uzalendo. 2013 na 2017: usahihi wa maelezo. 2023: maadili. Yote ni maswali halali, sibezi hata moja. Lakini katika kelele zote hizo, je, mmewahi kusikia mbunge, waziri au sisi waandishi tukipiga kelele kwamba kitabu fulani hakisomeki kwa mtoto mwenye uoni hafifu? Kwamba mchoro fulani watoto hawakuuelewa? Mimi kwenye mijadala hiyo ya hadhara sikuisikia hoja hiyo ikibeba uzito. Kosa la tahajia unaweza kulipiga picha na kulisambaza kwa simu, watu wakacheka. Herufi ndogo mno haichekeshi. Mtoto anaitwa mzito wa kuelewa, basi imekwisha.

Tembo na mkuki

Kuna kisa cha kale nakipenda. Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Alionyesha watu mchoro: mwindaji ameinua mkuki, karibu yake kuna swala, na mbali juu ya kilima kuna tembo mdogo. Akauliza, mwindaji anamlenga nani? Wengi ambao hawakuzoea michoro ya namna ile walisema anamlenga tembo, kwa sababu kwenye karatasi tembo alikuwa kwenye njia ya mkuki. Mtafiti akahitimisha kwamba hawaoni umbali kwenye picha.

Wataalamu wa baadaye wakamgeuzia kibao: pengine tatizo lilikuwa mchoro. Mistari mitupu, bila kivuli, bila nyasi, tembo mdogo kama mbwa. Picha ni lugha, na kila lugha inafundishwa. Mshale unaoonyesha mzunguko wa maji, duara la kukuza mdudu, jicho lililokatwa katikati ili tuone ndani: hayo ni makubaliano tu. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu wala gazeti anakutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya somo, tena bila mwalimu kuelezwa kwamba anapaswa kuyafundisha.

Dawa ya hili inajulikana. Mwaka 1976 kule Nepal, Diana Fussell na Ane Haaland walizunguka vijijini na michoro mikononi wakiwauliza watu swali moja rahisi: unaona nini hapa? Majibu yaliwaonyesha kipi kibadilishwe kabla ya kuchapa maelfu. Hakuna mashine pale. Ni karatasi, miguu na subira.

Ukurasa kwenye kioo

Mtasema, "Bwana, dunia imehamia kwenye simu." Sawa kabisa. TET ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure, na hilo ni jambo la kupongezwa sana. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na vitabu vipya.

Lakini ukurasa uliopangwa kwa ajili ya karatasi kubwa ukiwekwa kwenye kioo cha simu unakuwa punje za ulezi. Unakuza, unasukuma kushoto, unasukuma kulia, sentensi imekatika, umepotea mstari. Na kama kurasa zimepigwa picha tu, zile programu za kusomea wasioona kwa sauti hazina cha kusoma, maana kwao picha ya maneno ni kama ukuta mweupe. Faili hilohilo likitengenezwa kwa maandishi halisi, vichwa vya habari vikawekewa alama na kila picha ikapewa maelezo mafupi, mwanafunzi wa Buigiri mwenye simu analisikiliza mwenyewe bila kusubiri majuzuu ya nukta nundu. Tofauti ni ya mtengenezaji, haionekani kwa macho.

Vipimo navyo vipo. Tangu 2008 kuna mwongozo wa kimataifa wa tovuti unaotaka maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake yatofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Unaweza kupimwa kwa kompyuta dakika moja. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Tumejiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaorahisisha kugeuza vitabu kuwa vya kusomwa na wasioona bila kukwama kwenye hakimiliki. Kwa hiyo sheria tunazo na elimu ya jambo tunayo zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo?

Ningekuwa na sauti pale Mtumba ningeomba jambo dogo, lisilohitaji mfadhili. Kabla kitabu cha darasa la kwanza hadi la nne hakijapewa ithibati, nakala chache zipelekwe kwenye shule tatu za uwanda huu: moja ya kawaida ya mjini, moja ya kijijini Kongwa, na Buigiri. Watoto wakae kama wanavyokaa siku zote, wanne au watano, kwa mwanga uleule. Mwalimu aulize: unaona nini kwenye picha hii? Soma mstari huu ukiwa pale pembeni. Kwenye simu, soma bila kukuza. Kisha mwalimu wa Buigiri aulizwe ni picha zipi zimemshinda kuzieleza, na kwa nini. Majibu yarudi kwa mchoraji na mpanga kurasa kabla mashine haijawashwa, na majina ya hao wawili yaandikwe mwanzoni mwa kitabu kwa herufi sawa na za mwandishi, ili wajue kazi yao inahesabika.

Gharama yake ni mafuta ya gari na siku chache. Gharama ya kutofanya hivyo hatuioni kwenye bajeti yoyote, kwa sababu inalipwa na mtoto aliyekaa pembeni ya dawati, ambaye mwisho wa mwaka anaandikiwa kwenye ripoti kwamba hana bidii.

Ninyi mlisoma vitabu gani, na mlikuwa mnakaa upande gani wa kitabu? Tafakarini.